Boti ya faiba iliyotumika, mfuko mdogo: nianze na chombo gani?

BARUA

Fundi, habari za kazi.

Mwezi uliopita nimenunua boti ya faiba iliyotumika, futi 23, iko wazi, haina kibanda. Mashine ni Yamaha 40 ya kuvuta kamba. Tunatokea Pangani, watu wanne, tunavua kwa mshipi kandokando ya Maziwe na kusogea hadi ukingo wa mkondo wa Pemba, maji ya pima 15 mpaka 50. Nguru wakiingia tunakokota. Mara mojamoja tunalala huko huko. Maji yakitoka boti inakaa mchangani, na usiku pale dikoni hakuna mlinzi wa kumtegemea.

Boti ilikuja na waya za zamani zilizofungwa tepu nyeusi kila mahali, taa moja inayowaka ukiigonga, na betri kubwa ya gari ambayo imekufa. Mashine haichaji chochote.

Nina shilingi milioni 1.8 za vyombo vya umeme. Kuna mtu Tanga ananiuzia chatiplota (kioo cha ramani za baharini) ya inchi 7 iliyotoka Dubai, bei nzuri, ila haina transdusa, ile sehemu ya majini inayopima kina. Anasema kioo ndicho kitu, hiyo nyingine nitaipata popote. Mshirika wangu anataka redio ya VHF ya kufunga, ya wati 25. Kijana wangu anasema simu inatosha, kila kitu kimo. Mzee aliyetufundisha kazi hatumii chochote: anapanga mnazi na mnara, anajua yuko wapi. Lakini mvua ikishuka mnazi hauonekani wala mnara.

Nianze na nini, na nikwepe nini?

Nahodha mgeni wa boti, Pangani

JIBU

Hongera kwa chombo, nahodha. Katika barua yako kuna maneno mawili yanayoamua karibu kila kitu: "mchangani" na "haichaji". Transdusa iliyofungwa tezi, yaani nyuma, kwenye boti inayosukumwa mchangani haimalizi mwezi, na kioo kilichokazwa kwa skrubu kwenye boti isiyo na mlinzi ni zawadi kwa mwizi. Mashine nayo haikupi umeme. Kwa hiyo usitoboe boti. Tengeneza sanduku la kubeba: fishfainda (kifaa kinachoonyesha kina na samaki) juu ya mfuniko, betri ndogo ndani, transdusa kwenye bomba linaloshuka na kupanda. Asubuhi unaingia nalo, jioni unarudi nalo nyumbani.

Ile chatiplota iache. Kwanza, transdusa haipatikani "popote". Kila kampuni ina plagi zake, na hata ndani ya kampuni moja kuna za pini 4, 8 na 12 zisizoingiliana. Ukiipata inayolingana, bei yake inaweza kukaribia bei uliyolipia kioo. Pili, chatiplota ya mtumba kutoka Ghuba mara nyingi ina ramani ya Ghuba. Ukifika Pangani itakuonyesha mstari mnene wa pwani na maji meupe matupu, na kadi ya ramani ya pwani yetu ni gharama nyingine. Tatu, kioo cha inchi 7 hunywa ampia 1 au zaidi, nacho kitakumalizia betri ndogo kabla ya adhuhuri. Akija na transdusa yake na akakubali mkaijaribu majini, mnaweza kuanza kuzungumza. Bila hivyo, hapana.

Mshirika wako ana haki kuhusu VHF, ila si ya kufunga kwa sasa. Redio ya wati 25 ikizungumza inavuta ampia 5 hadi 6, inataka betri kubwa, antena iliyosimama vizuri na kebo isiyoingiza maji. Boti yako haina hata kimoja cha hivyo. Nunua ya mkononi ya baharini, wati 5 au 6, yenye alama ya IPX7, yaani inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Inayoelea ni bora zaidi. Ina betri yake yenyewe, kwa hiyo sanduku likifa wewe bado una sauti. Usidanganywe na redio za walinzi wa mageti kwa kuwa ni rahisi. Maji ya chumvi yanaziua, na masafa yake lazima mtu ayapange kwa kompyuta. Akikosea unapiga kelele mahali asipo mtu.

Ujue pia redio ya mkononi inafika wapi. VHF inakwenda kwa mstari ulionyooka, hivyo kinachoamua ni urefu wa antena zaidi ya wati. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 2.2, unapata maili za baharini. Mkono wako ukiwa mita 1.5 juu ya maji ni kama maili 2.7. Mwenzako mwenye redio kama yako ana 2.7 nyingine, jumla maili 5 na kidogo. Meli yenye antena mita 25 juu ina 11 zake, kwa hiyo mkisimama mnaweza kusikilizana kwa maili 13 hivi, mradi betri imejaa. Ukiwa ukingo wa mkondo, meli inayopita inaweza kukusikia pale ambapo nyumbani hawakusikii. Ndiyo maana redio inakaa chaneli 16, ya dharura na kuitana, muda wote, na mazungumzo ya bei ya samaki mnayahamishia 72. Kibali cha kutumia redio kiulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na usajili wa boti wenyewe uwe sawa TASAC, shirika la uwakala wa meli, kabla hujaanza kununua chochote.

Sasa fishfainda. Kwa pima 15 mpaka 50, yaani mita 27 hadi 91, huhitaji kubwa. Garmin Striker 4 ni mfano wa aina unayoitaka: kioo cha inchi 3.5, wati 200, transdusa ya masafa mawili, kilohezi 77 na 200, na GPS ya kuweka alama. Haina ramani. Kwa maji ya chumvi mtengenezaji anaiandikia takriban mita 230; toa sehemu kwa ajili ya bahari iliyochafuka, bado inakutosha. Ukivuka ukingo na kuingia kwenye kilindi cha mkondo wa Pemba, itapoteza chini na kuanza kucheza namba: 14, 212, 6. Hizo si kina, ni kifaa kinachotafuta. Usiziamini.

Ukinunua iliyotumika, usilipe dukani. Tazama pini za plagi. Zenye kijani zimeshaonja chumvi. Tazama kebo ya transdusa yote, kwa urefu wake, maana iliyokatwa na kuungwa mara nyingi hupoteza nguvu au huingiza makelele. Washa kwa betri ya volti 12, siyo kwa adapta. Joto la maji likionekana kwenye kioo, transdusa angalau inazungumza na kifaa, lakini hiyo haitoshi. Kuijaribu ndani ya ndoo ya maji hakukupi kina cha kweli. Nendeni gatini au kwenye ngalawa, penye pima 3 au zaidi, tupa bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina), kisha linganisha. Subiri pia GPS ishike. Ikiwa imekaa muda mrefu bila kuwashwa inaweza kuchukua dakika kadhaa. Anayekataa jaribio hilo ameshakujibu.

Sanduku lenyewe

Tafuta sanduku la plastiki la lita 10 hadi 15 lenye mfuniko wa kubana. Betri iwe ya asidi iliyozibwa, volti 12. Hesabu ndiyo itakayokuambia ukubwa: fishfainda ndogo tuiweke ampia 0.3, kwa saa 10 ni Ah (ampia-saa) 3. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 7 inatosha siku, kwa shida. Nyinyi mnalala baharini mara mojamoja. Ongeza taa za LED ampia 0.5 kwa saa 8, hizo ni Ah 4. Jumla 7. Nunua betri ya Ah 18 au 20; ina uzito wa kilo 6 hivi, mtu mmoja anaibeba. Ya gari usirudie. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiishusha kila siku inakufa mapema, kama ulivyoona.

Chini ya betri weka kipande cha mpira wa ndala, kisha ibane kwa ukanda wa tyubu ili isitembee. Waya chanya utoke kwenye fyuzi ya ampia 3, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye betri. Watu wengi huiweka karibu na kifaa kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyo mbali hailindi kitu, na waya unaowaka ndani ya boti yenye petroli hauhitaji maelezo. Taa zipate njia yake na fyuzi yake ya ampia 5, kila njia na swichi yake.

Waya uwe wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 1.5, na ukipata uliopakwa bati, lipia. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mnene unakatika kwa mtikisiko. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania vituo, kisha vivikwe bomba la kusinyaa kwa moto lenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake inahifadhi maji badala ya kuyazuia. Ukiifungua baada ya miezi mitatu unakuta unga wa kijani mahali palipokuwa na shaba. Matundu ya kutokea kebo yatoboe ubavuni, chini ya mfuniko, yatazame chini, na yawe na mpira. Kebo ikining'inia kidogo kabla ya kuingia, maji yanadondokea pale kwenye tumbo lake, hayafuati njia hadi ndani.

Kuchaji: paneli ya wati 20 na kontrola yake, juani nyumbani, inarudisha Ah 4 hadi 5 kwa siku yenye jua zuri. Chaji mfuniko ukiwa wazi, kwa sababu betri ya asidi ikichajiwa inaweza kutoa gesi inayolipuka. Pima volti baada ya betri kupumzika saa moja au zaidi: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Ikisoma 11.9 asubuhi ya safari, siku hiyo fishfainda inabaki nyumbani.

Bomba la transdusa: alumini ya inchi 1, urefu mita 1.2 hadi 1.5. Funga transdusa mwishoni kwa kibano chake, ubapa utazame chini kabisa na pua itazame omo, yaani mbele ya boti. Ikilala kidogo tu, mwangwi unakwenda pembeni na kina kinasoma kirefu kuliko ukweli. Bana bomba ubavuni kwa kibano cha seremala cha inchi 4 juu ya kipande cha ubao, na ufunge kamba ya akiba, kwa sababu siku kibano kitakapolegea unataka bomba libaki nawe. Transdusa izame sentimita 20 hadi 30 chini ya maji. Kebo ifuate bomba kwa vifungo vya plastiki, na ziada ikunjwe. Usiikate hata ikikuudhi. Mkiwasha mashine kukimbia, pandisheni bomba. Kwa kukokota polepole linaweza kubaki chini, lakini zaidi ya nodi 5 litatetemeka, litavuta mapovu, na mwisho litapinda.

Siku utakapopata mahali pa kuegesha majini na mlinzi, ndipo ufunge transdusa ya tezi: angalau sentimita 38 kutoka propela, uso wake milimita 3 chini ya ganda la faiba, mahali pasipo na mfereji wala skrubu mbele yake. Kioo kikipoteza chini mkikimbia, ishushe kidogo kidogo. Tundu la kila skrubu lijazwe gundi ya baharini kabla skrubu haijaingia.

Kukisoma kioo

Kitu cha kwanza cha kuzima ni zile picha za samaki wadogo wadogo. Kifaa kinageuza kila kitu kinachoelea kuwa samaki, hata mapovu na majani. Soma mwangwi wenyewe. Chini pa mwamba panachora mstari mnene, mkali, na mara nyingi mstari wa pili chini yake kwa kina mara mbili. Tope linachora utepe mwembamba uliofifia. Samaki huonekana kama upinde pale tu boti au samaki anapotembea. Mkiwa mmetia nanga, aliyetulia chini yenu anachora mstari mrefu wa kulala, na wengi wanaudhania uchafu.

Masafa nayo yana maana. Mwali wa 200 ni kama nyuzi 15: kwa pima 30, mita 55, unaona duara la mita 14 hivi chini yako. Mwali wa 77 ni kama nyuzi 45, na duara linafika mita 45. Kwa hiyo changu unayemwona kwa 77 anaweza kuwa mita 20 pembeni ya ndoana yako. Tafuta kwa 77, kisha hamia 200 kuhakikisha mko juu yao kabla ya kushusha mshipi. Mistari ya wima inayojirudia ni kelele za umeme: zima mashine, ikiondoka ujue inatoka huko, na sogeza kebo ya transdusa mbali na waya za plagi za mashine.

Simu ya kijana ni akiba nzuri ya GPS, mradi ramani zimeshushwa kabla ya kutoka na iko ndani ya mfuko wa maji pamoja na pawabenki. Kuitegemea peke yake ndiko kosa. Juani inapata joto na kujizima, vidole vyenye chambo haiviitiki, na siku ya mvua kali, ile siku mnazi hauonekani, matone yenyewe yanabonyeza kioo.

Jihadharini na namba za alama mnapopeana. Maziwe iko karibu na digrii 5 na dakika 30 kusini. Mtu akiiandika 5.30 kwenye kifaa kilichopangwa kwa digrii zenye desimali, amekwenda digrii 5 na dakika 18: maili 12 kaskazini ya kisiwa. Kubalianeni wote mtumie digrii, dakika na desimali za dakika, mfumo wa ramani wa WGS84, na muhakikishe herufi ni S, siyo N. Mbinu ya mzee msiitupe. Mkifika mahali pa kuvulia, bonyeza alama ya GPS na wakati huo huo andika mnazi na mnara vimekaaje. Moja itasahihisha nyingine.

Waya za zamani zikate kwenye betri na uzitoe zote, hata zinazoonekana nzima. Taa ziwe za LED za kubana, kushoto nyekundu, kulia kijani, na nyeupe ya kuzunguka pande zote juu ya mti. Dira isogee mita 1 kutoka kwenye redio na sanduku, kwa sababu spika ina sumaku na sindano inaifuata.

Fedha zako zigawe hivi, nazo ni dari: redio laki 4, fishfainda laki 8, sanduku zima na paneli laki 3. Laki 3 zinazobaki ni za taa, dira kama huna, na kiakisi cha rada cha alumini cha kutundika juu, maana faiba haionekani vizuri kwenye rada ya meli. Rada yako mwenyewe na AIS (kifaa cha vyombo kutambulishana) viache. Kifaa cha kuita msaada wa dharura, cha masafa ya megahezi 406, ni kizuri na fedha zikipatikana ndicho kifuatacho, ila usinunue cha mtumba: betri yake ina tarehe ya mwisho, na kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine na kwa nchi nyingine, hivyo kikilia watatafutwa wao kwanza.

Siku ya kwanza msiende mbali. Simameni penye pima 5, tupeni bildi mara tatu, na kifaa kikitofautiana kwa kiasi kile kile kila mara, ingizeni tofauti hiyo kwenye mpangilio wa kina. Kumbukeni pia kuandika saa kando ya kila kina mnachohifadhi. Maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, hapo kwenu yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, na kichwa cha mwamba mlichokipita salama saa ya maji kujaa kinaweza kugusa mkuku jioni.